Nani Kafunga Poti?

Kaka yangu mkubwa, anayeishi Minnesota, hakuweza kufika kwenye koito ya dada yetu, sherehe ya kupatana mahari. Hata hivyo alichanga pesa nzuri, na mchangaji ana haki ya kuona. Hakutaka vipande vya dakika moja moja; alitaka video nzima, tangu wazee wa upande wa bwana harusi walipokalishwa hadi ng'ombe wa mwisho alipozungumziwa. WhatsApp haipokei faili linalozidi GB 2. Google wanatoa GB 15 za bure, ambazo zingemezwa na hotuba ya mjomba peke yake. Nikapendekeza torrent, teknolojia aliyoibuni Bram Cohen mwaka 2001: kompyuta yangu hapa Londiani izungumze na yake moja kwa moja, bila dalali.

Programu ikawasha kialama cha moto chini ya dirisha. Maana yake ni kwamba unaweza kutoka, ila hakuna anayeweza kuingia kwako. Kwa kaka nako kulikuwa na moto huohuo, na watu wawili waliofungiwa ndani hawatembeleani. Ilibidi mmoja wetu afungue poti kwenye ruta yake. "Fungua wewe," kaka akasema. "Tangu lini mkubwa akainuka kufungua mlango na wadogo wamekaa?"

Ruta yetu inaishi juu ya kabati la vyombo, chini ya kitambaa cha kufuma. Mama hufunika kila kitu cha thamani: redio, televisheni, migongo ya viti. Neno la siri limebandikwa tumboni mwa ruta kwa herufi ambazo hata sisimizi angeomba miwani. Nikaipindua, nikamulika kwa tochi ya simu.

"Ukimaliza kuivua, uivike tena," Mama akasema kutoka jikoni.

Nikaingia 192.168.1.1. Poti ni 65,535, kwa hiyo kuchagua moja si kazi. Nikaiagiza ruta kwamba atakayebisha hodi kwenye poti hiyo aletwe kwenye kompyuta yangu, 192.168.1.5. Kabla sijapima, ngurumo.

Wengi wakisikia Kericho huona majani chai hadi upeo wa macho. Huku kwetu Londiani, karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ni viazi, misitu na baridi. Lakini mvua za alasiri tunagawana na wenye chai, pamoja na radi zake na mawe yake. "Chomoeni kila kitu!" Mama akaamuru, nasi tukachomoa.

Mvua ilipokatika, ruta iliamka kama haimjui mtu yeyote, ikaanza kugawa anwani upya. Namba 5, niliyoipangia koito nzima, ikamwangukia shangazi aliyekuja kunywa chai.

"Shangazi, samahani, simu yako ina nini?"

"Ina chaji kidogo."

Nikaibana ruta: kila kifaa kina namba ya MAC kilichotoka nayo kiwandani, na anwani ya 5 nikaifunga kwenye namba ya kompyuta yangu. Moto haukuzimika. Nikakagua ulinzi wa kompyuta yenyewe, nikakuta Windows imeiandikisha sebule yetu kuwa mahali pa umma. Kwa hesabu ya wageni tuliokuwa nao wiki hiyo, haikukosea. Nikabadilisha, na moto ukabaki palepale. Nikawapigia huduma kwa wateja.

"Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Mama huizima kila alasiri."

Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa hali ya ruta, penye anwani ya WAN, ile ambayo ruta hupewa na kampuni ya intaneti. Yetu ilianza na 100.72. Tovuti ya kuonyesha anwani, niliyoifungua dakika hiyohiyo, ilitaja namba nyingine kabisa.

Waliosomea vijijini wanalijua sanduku la posta la shule. Kijiji kizima kilitumia S.L.P. moja. Ukiandika barua, jibu hukufikia, kwa sababu mwalimu mkuu anakumbuka nani aliandika. Barua ya ghafla isiyo na jina hubaki mezani kwake hadi igeuke manjano. Na kampuni nyingi za intaneti ndivyo zinavyotuweka. Anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na AFRINIC, wanaozigawa Afrika, wamekuwa wakizipima kwa kijiko tangu Januari 2020 walipofika awamu ya mwisho ya akiba. Kuanzia Aprili 2012 lilitengwa fungu maalumu, 100.64 hadi 100.127, kwa ajili ya wateja wanaokaa nyuma ya anwani moja ya kampuni. Maagizo yangu yalikuwa yamebandikwa mlangoni petu, na ufunguo wa sanduku uko Nairobi.

Kampuni ingeweza kutuuzia anwani yetu wenyewe, ya kulipiwa kila mwezi. "Tununue namba ya kumwonyesha nani?" Mama akauliza, na mjadala ukaishia hapo.

Bahati nzuri, torrent inahitaji upande mmoja tu uliofunguka. Nikampigia kaka kwa unyenyekevu wote: "Kaka, leo itabidi mkubwa ainuke." Anwani ya kwake ilikuwa yake. Akafungua poti, na faili likaanza kutiririka. Alasiri Mama akachomoa kama kawaida, lakini torrent hukata faili vipandevipande na kukagua kila kimoja, hivyo stima iliporudi kazi iliendelea pale ilipokomea.

Kwa hiyo, jirani, kabla ya kuivua ruta kitambaa, soma anwani ya WAN. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, usihangaike na poti; mtafute jamaa mwenye anwani yake. Na kama jamaa huyo yuko Nakuru, mpe kondakta wa matatu flashi. Atakachotaka ni nauli ya mzigo, na hana neno la siri.