Fuso Imenoki, Rejeta Haijaulizwa

Usiku, katika gereji moja ya Ipogolo, chini kabisa ya mji wa Iringa, malori ya kwenda Tunduma yanapovutia pumzi. Fundi kaenda kulala. Juu ya matairi mawili imelazwa injini ya Fuso, 6D16, silinda sita, lita saba na nusu, nyeusi tii kwa oili. Pembeni, juu ya mbao, kuna injini nyingine ya aina hiyo hiyo iliyofika mchana, imepigwa rangi ya fedha mpaka kwenye boliti. Rejeta imeegemezwa ukutani. Anayeanza kusema ni Spana namba 17, maana kunyamaza hakuwezi.

SPANA: Mgeni, karibu. Kwetu hapa kijana akifika humwamkia mzee.

MGENI: Mimi natoka Japani kupitia Sharjah. Hayo ya kuamkiana sina habari nayo.

SPANA: Una miaka mingapi?

MGENI: Dalali kasema mimi ni kama mpya.

SPANA: Sijamuuliza dalali. Hebu nione namba ubavuni. Alaa! Mzee Injini, namba ya huyu ni ndogo kuliko yako. Katoka kiwandani kabla yako!

MZEE INJINI: Kumbe! Shikamoo, mgeni.

MGENI: Marahaba… Hapana! Shikamoo wewe.

MZEE INJINI: Siipokei. Namba ni namba. Shikamoo.

MGENI: Na mimi siitikii.

SPANA: Babu kapaka piko, anataka aitwe bwana harusi!

MGENI: Hii rangi ni ya kuzuia kutu.

SPANA: Na pale kwenye namba umeipaka mara mbili kuzuia nini? Namba hiyo ndiyo inayotakiwa kwenye kadi ya gari. Tajiri asipokwenda TRA kubadilisha taarifa, siku ya kukaguliwa kadi itamtaja Mzee na kifuani umelala wewe. Tutakuita nani? Babu? Mjukuu? Marehemu?

MZEE INJINI: Mwache mgeni wa watu. Mimi nataka kujua kosa langu. Nimepandisha Kitonga miaka yote hii na saruji mgongoni, leo naambiwa chuma chakavu. Nani kaamua?

SPANA: Kilikaa kikao, jana, mbele ya banda la chipsi. Alikuwepo tajiri, dereva, dalali, na shemeji wa tajiri anayeuza vocha. Shemeji akasema injini ikishafunguliwa haiwi sawa tena. Dalali akasema Mungu anampenda tajiri, imebaki moja tu. Muuza chipsi akaunga mkono hoja, sijui kama nani.

MZEE INJINI: Na fundi?

SPANA: Fundi alisema, "Tajiri, pesa ni yako." Kukubadilisha ni kazi ya siku mbili na malipo mkononi. Kukufanyia oveholi ni safari za kwa mchonga krenki, kusubiri vipuri, na tajiri kupiga simu kila baada ya nusu saa.

MZEE INJINI: Walinipima?

SPANA: Walifungua hedi, wakaona gasketi imeungua, wakatikisa vichwa.

MZEE INJINI: Kutikisa kichwa ndiyo kipimo? Hedi huwekewa rula ya chuma iliyonyooka, ukapitisha fila chini yake uone imepinda kiasi gani. Iliyopinda kidogo husawazishwa kwenye mashine. Kama kuna ufa, hupimwa kwa presha, maana mwingine hauonekani kwa macho. Krenki yangu ikiwa imekwaruzika, inachongwa milimita 0.25, ikigoma 0.50, na beringi za saizi hizo madukani zipo. Laina, pistoni na ringi, vyote hubadilishwa. Bloku yangu haina hata tundu. Mbona nazikwa mzima?

REJETA: Naomba niseme.

SPANA: Wewe tena? Nani kakuuliza?

REJETA: Hapo hapo ndipo penye tatizo. Aliyemuua Mzee ni mimi, na hakuna aliyeniuliza.

MGENI: Toba!

REJETA: Usiogope sana, nitakufikia. Tazameni mdomo wangu. Kifuniko changu kilipotea tangu masika. Badala yake utingo kaniziba kwa gunzi la hindi lililofungwa kitambaa cha kanga, na gunzi hilo limekaa mpaka limeota ukungu wa kijani. Kile kifuniko kina springi inayobana presha, ndiyo maana maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Gunzi linabana nini? Na kwenye miinuko hii ya Iringa, mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, maji yaliyoachwa wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Yaani Mzee alikuwa anapanda mlima, na kiwango cha kuchemka kinashuka kumfuata!

SPANA: Si ungetiwa kulanti?

REJETA: Kulanti naisikia kwa wenzangu. Mimi nimenyweshwa maji ya Ruaha kwa kidumu, na tope lake. Mirija yangu nusu imeziba kwa kutu na magadi. Na Thamostati, yule mtoto aliyekuwa anafungua njia maji yakifika nyuzi 80 hivi, walimtoa gereji nyingine wakidai ndiye analeta joto. Injini ikatembea baridi kwenye tambarare, inakula dizeli na kusaga ringi, wakafurahi kwamba wamepona. Siku ya Kitonga mshale ulipanda hadi kwenye nyekundu. Dereva hakuuona. Kabandika stika ya Simba juu ya geji.

MZEE INJINI: Na pale Ilula akanimwagia maji ya baridi nikiwa nawaka.

REJETA: Chuma cha moto kikimwagiwa baridi hujikunja ghafla. Hapo kama hedi ilikuwa imebakiza uhai, ndiyo basi.

MGENI: Haya yote hayanihusu. Mimi niliwashwa mbele ya tajiri, nikaunguruma vizuri, wakanirekodi video.

REJETA: Dakika ngapi?

MGENI: Tano.

REJETA: Chini, bila mzigo! Kuna aliyefungua kifuniko chako cha oili ukiwa unanguruma, aone kama moshi unasukuma kutoka tumboni? Kuna aliyepima kompresheni, silinda moja baada ya nyingine? Kuna anayejua kilikuua nini Japani, au kama hukufa? Mzee tunamjua ugonjwa wake. Wewe tunakujua rangi.

SPANA: Kwa hiyo unasema injini isibadilishwe kamwe.

REJETA: Sijasema hivyo! Konrodi ikitoboa bloku ikachungulia nje, badilisha. Ukipiga hesabu ya mashine, vipuri na siku gari lilizolala, ukaona inapita bei ya injini nzima yenye historia inayojulikana, badilisha. Lakini piga hesabu kwanza, kwa vipimo. Ninyi mnaanza na jibu, halafu mnatafuta shemeji wa kuliunga mkono. Mtu anatoa mamilioni kununua injini, ukimwambia kifuniko cha rejeta anauliza kama lile gunzi limeoza kweli. Oili inapitiliza kilomita zake, chujio haliguswi, maji hayaangaliwi asubuhi, geji imebandikwa stika, halafu mnalia kwamba Fuso za siku hizi hazidumu! Hazidumu kwa nani? Mnaona aibu kuonekana mnatengeneza, kana kwamba kutengeneza ni umaskini, na kununua kisichojulikana ndiyo uungwana. Wajinga ninyi!

SPANA: Rejeta, hapa hakuna tajiri. Unatutukana sisi.

REJETA: Basi pokeeni mumfikishie.

(Kumekucha. Geti linagonga. Anaingia tajiri na simu sikioni. Keshaahidi kufikisha mzigo wa saruji Mbeya Jumamosi. Fundi anauliza kwa sauti ya chini kama wapeleke rejeta ikafunguliwe na kusafishwa.)

TAJIRI: Rejeta ina nini? Si ilikuwa inafanya kazi? Funga hiyo hiyo. Na injini hii ikifa, Sharjah zimejaa.

REJETA: Umesikia, mgeni? Na mimi nipo.

MGENI: Spana… zile mbao nilizofungiwa nikija bado zipo?

SPANA: Utingo kachemshia chai.