Sifa za Kiwavi wa Mlimau

Nyuki amesifiwa vya kutosha. Siafu naye ana watu wake, na nondo wa hariri amewavisha wafalme mpaka ikasahaulika kwamba utotoni alikuwa kiwavi tu, mla majani kama wengine. Ila huyu kiwavi anayetafuna milimau, michungwa na michenza ya nyumbani hajapata hata mtu wa kumwombea dua. Nimeishi naye muda wa kutosha kuona kwamba anaonewa. Leo namlipa deni lake.

Nianze na sifa ndogo ndogo. Hana kelele. Hakopi. Hagombei uenyekiti wa mtaa. Mama yake anajua uzazi wa mpango: hamwagi mayai kwa mkupuo, anayataga moja moja, moja huku, moja kule, ili wanawe wasigombanie sahani. Na hatagi popote tu. Anatafuta chipukizi laini kabisa, lile lile ambalo mwenye mti alilitazama asubuhi akatabasamu.

Lakini sifa yake kuu, inayostahili kutungiwa utenzi, ni unyenyekevu wa mavazi. Kipepeo mzazi ni mtu wa kujiremba: mbawa nyeusi zenye madoa ya manjano, sentimita 10 na ushei kutoka ncha hadi ncha, anapita uani taratibu kama anayejua anatazamwa. Mtoto wa nyumba hiyo angeweza kuvaa chochote. Anachagua kuvaa mavi ya ndege. Sisemi kwamba ukimwangalia kwa mbali anafanana nayo kidogo. Nasema mwili wa kahawia iliyokolea, baka jeupe la chokaa limepita kiunoni, na mng'ao wa unyevu juu yake, ili ionekane ndege ameondoka sasa hivi. Analala katikati ya jani, mchana kweupe, na hata ulalaji wake ni wa kitu kilichodondoka. Masufi walivaa sufu inayowasha, na tukawaandika vitabuni. Nani kati yao alifika hapa? Kunguru anatua, anatazama, anadhani ni kazi yake ya jana, anaona haya, anaenda zake.

Wala si vazi la siku moja. Anajivua ngozi, na chini ya ile ngozi kuna mavi mapya, saizi moja zaidi. Anajivua tena, mavi tena. Mpaka anapokaribia kukomaa ndipo anahamia kwenye kijani chenye mikanda ya kahawia na nyeupe, na hapo pia naona busara tu: akifikisha sentimita nne na nusu, hakuna ndege mtaani kwetu anayeweza kusingiziwa. Ukimgusa wakati huo, anachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, zenye harufu ya kukufanya urudishe mkono. Ndiyo namna yake ya kusema hodi.

Unyenyekevu gani! Mlimau wangu ni mche wa kubebeshwa. Nimeumwagilia maji ya kununua kwa ndoo, bomba likiwa limekauka, na sasa umebaki vijiti na miiba. Miiba haigusi, hapana, miiba ananiachia mimi. Mchungwa mkubwa una majani ya kugawa, ukiliwa unachipua. Yeye anakwenda kwa mche mchanga wenye majani ya kuhesabika, anaanzia kileleni, anakula jani lote na kusaza mshipa wa kati umesimama peke yake.

Samahani. Tuendelee na sifa.

Unyenyekevu wake niliuelewa vizuri zaidi siku nilipokwenda kumtafutia dawa. Kwenye duka la pembejeo nilimkuta kijana amevaa koti jeupe la daktari, kalamu mbili mfukoni. Nikaeleza shida. Akainama chini ya kaunta, akaibuka na chupa ya plastiki ya nusu lita, kifuniko kimetobolewa kwa msumari.

“Hii inamaliza kila kitu, mama.”

“Inaitwaje?”

“Dawa ya wadudu.”

“Wadudu gani?”

“Wote.”

Kipimo ni kifuniko kimoja kwa ndoo, na ukiona wagumu, unaongeza. Nikipiga leo, nichume malimau baada ya siku ngapi? “Ukiyaosha hamna shida.” Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 inataka kiuatilifu kisajiliwe kabla hakijauzwa. Hiki lebo kilikuwa nayo, sikatai. Ilikuwa imeandikwa “maji safi ya kunywa”.

Basi nikasimama pale kaunta nikitafakari. Kiwavi ni chakula kinachojifanya uchafu. Hii ni sumu inayojifanya maji ya kunywa. Nina wajukuu nyumbani, na kati ya waongo hawa wawili najua nani nimfungie mlango.

Nikamuuliza kama ana Bt. Huyu ni bakteria anayepigwa kwenye majani jioni, maana jua linamharibu, wakati viwavi bado wadogo. Kiwavi akimla pamoja na jani, protini yake inayeyuka tumboni na kutoboa utumbo. Nyuki na bibi mwenye mti hawana ugomvi naye. Kijana akatabasamu kwa huruma. Akasema hayo ni mambo ya wazungu. Bakteria mwenyewe alionekana kwanza Japani mwaka 1901, akiwateketeza viwavi wa hariri, lakini mtu aliyevaa koti jeupe habishiwi. Nikarudi nyumbani nikaendelea na kijiti na kopo la maji ya sabuni, nikiwaokota mmoja mmoja, na kwa mti mmoja inatosha ukiamka mapema.

Kwa haki, wapo waliomthamini kiwavi kabla yangu. Kule Amani, milima ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza yenye machungwa, wanavijiji walianza miaka ya mwanzo ya 2000 kufuga vipepeo. Walipanda kwa makusudi miti ya kuliwa na viwavi, wakawasubiri wajifunge kwenye ganda, wakawauza wakiwa pupa kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Mtu alisomesha watoto kwa viwavi. Halafu mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na pupa akajikuta kwenye zuio moja na nyani na kobe. Pupa hana subira ya kungoja kibali. Wiki mbili tatu zikipita kipepeo anatoka na kuruka, awe na karatasi au hana. Kwa hiyo mdudu huyu ana vyeo viwili. Akiwa kwenye mti wangu ni mharibifu wa mazao, auawe. Akifika uwanja wa ndege ni mnyamapori, alindwe. Waliomlea kwa mikono yao hawakupewa cheo chochote.

Nami, kwa ajili ya mlimau wangu, nikaenda ofisi ya kilimo kuomba mtaalamu. Nikaenda tena. Hatimaye alikuja, kwa pikipiki, amevaa koti la kuakisi mwanga na kofia ya semina, kishikwambi mkononi. Akanisalimia vizuri, shikamoo yake nikaipokea. Nikampeleka mpaka kwenye mlimau.

“Wadudu wako wapi, mama?”

Nikamwonyesha kwa kidole. Walikuwa watatu, kila mmoja na jani lake. Akasogea, akainama, akavaa miwani, kisha akarudi hatua moja nyuma na kujifuta kiganja ambacho hakikuwa kimegusa kitu.

“Mama, hayo ni mavi ya ndege. Chukua kitambaa chenye maji, uyafute tu.”

Akapiga picha. Akajaza fomu kwenye kishikwambi, akanigeuzia nisaini kwa kidole kwamba nimetembelewa. Nilisoma kabla ya kusaini. Wadudu: hakuna. Changamoto: ndege. Hatua iliyochukuliwa: mkulima ameelimishwa.