Hekima ya Mwenye Nyumba wa Kitengela
Mwenye nyumba wa Kitengela, Kaunti ya Kajiado, anastahili pongezi kwa kung'amua kwamba mpangaji wa leo hutanguliza intaneti ya faiba, yaani ile inayosafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo, ndiyo maana waya wake hufika orofa ya tano kabla ya bomba. Maji nayo hayakusahaulika: hupandishwa ngazi kwa jerikeni za lita 20, zoezi ambalo Nairobi watu hulilipia kwenye jimu, na yale ya kisima huja yakiwa yamekwisha kutiwa chumvi, hata mpishi akapumua. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama, na mpangaji anayesubiri lori la maji anaweza kukisoma mtandaoni bila kukwamakwama.