Maji Yakipwa, Nini?

Bango lilikuwa ubao wa ngalawa kuukuu niliopaka rangi ya buluu, nikaupigilia kwenye mvinje karibu na njia ya kushukia pwani ya Paje, Unguja. Maandishi niliyatia usiku kwa mwanga wa simu, na kiburi chote cha mtu aliyepita Kiingereza cha kidato cha pili kwa kusukumwa. Yalikuwa mistari mitatu, kila mmoja na nukta yake:

WHEN THE TIDE IS LOW.
WITH MY AUNT.
SEAWEED AND SOAP.

Shangazi yangu analima mwani, kazi iliyoanza hapa Paje na Jambiani mwaka 1989 kwa mbegu ya Ufilipino. Mpango wetu ulikuwa mwepesi. Maji yakipwa, mimi nampeleka mgeni kondeni kwake, mgeni anaona vigingi na kamba, analowa magoti, anapiga picha, analipa, anarudi na kipande cha sabuni ya mwani. Nani asingeelewa?

Mgeni wa kwanza alikuwa bibi wa Kiingereza mwenye kofia pana kama ungo. Kumbe alikuwa mwalimu mstaafu, lakini hilo nililijua mambo yameshaharibika. Alisimama mbele ya bango, akasoma. Akasubiri. Nami nikasubiri. Nyuma yetu tiara za wageni wanaoteleza juu ya maji zilikuwa zimejaa mbinguni, maana kusi lilikuwa limeshika.

“When the tide is low...” akasema, akanitazama kama mtu anayengoja chenji yake.

“Yes,” nikamjibu.

Akauliza, maji yakipwa, nini? Nikamwambia, yakipwa, yamepwa. Akaona huko hakuna njia, akashuka mstari wa pili. Akataka kujua: nani yuko pamoja na shangazi yako? Swali nikaliona la ajabu kidogo, ila mgeni haulizwi. Nikamwambia kweli tupu: hakuna mtu, mume wake amefariki.

Basi uso ukambadilika. Akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono miwili, akanipa pole nyingi, akaondoka taratibu kama anayetoka matangani. Shemeji yake baba yangu ana miaka tisa kaburini, na siku hiyo alipata taazia mpya kwa sababu ya nukta moja.

Nilirudi nyumbani nikatoa madaftari ya skuli chini ya kitanda, nione kosa la bango liko wapi. Niseme ukweli wangu na kirai na kishazi. Siku mwalimu wa Kiingereza alipoingia na kutangaza kwamba leo ni “clause”, mimi mtoto wa pwani nilisikia “claws”, neno nililojifunza wiki iliyotangulia kwenye mchoro wa kaa. Kwa hiyo wenzangu waliandika maelezo, mimi nikachora gando. Gando zuri, lina meno. Nimelikuta mpaka leo, na chini yake mwalimu ametia alama ya kuuliza kwa wino mwekundu, bila neno jingine. Hata yeye aliacha mambo njiani.

Kilichonichoma zaidi ni daftari la Kiswahili. Humo kirai kipo, kishazi huru kipo, kishazi tegemezi kipo, na nimepata vyema vyote. Kiingereza tulisoma kabla ya mapumziko, Kiswahili baada ya mapumziko, na katikati yake tulikula mihogo. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyevuka ile mihogo kuja kutwambia kwamba “clause” na kishazi ni kitu kile kile.

Ingawa si kile kile kabisa, na hapo ndipo tunapoumia sisi. Chukua neno letu “nilipomwona”. Mtendaji yumo, wakati umo, ile “po” inayoahidi kwamba kuna habari inakuja imo, na aliyeonwa naye kajibana humo humo, kama abiria wa gari ya Makunduchi siku ya sikukuu. Kishazi kizima ndani ya neno moja! Kiingereza hakina habari ya kubanana. Kila abiria anataka kiti chake na tiketi yake: “when I saw him”, maneno manne, na ukimsahau mmoja gari haiondoki. Mtu aliyezoea kupakia wote pamoja hajui kuwahesabu. Anaona maneno mengi yamekaa mstari mmoja, anadhani safari imekamilika, anatia nukta. Mimi nilitia tatu.

Askofu Edward Steere alitoka Uingereza akaja Mjini kuwauliza wenye lugha mambo haya haya kwa upande wa pili, na mwaka 1870 akachapisha kitabu cha Kiswahili kama kisemwavyo Unguja. Kaburi lake liko Mkunazini. Natumaini kabla ya kitabu naye aliwahi kupewa pole asiyostahiki, angalau mara moja.

Asubuhi nikamweleza shangazi. Alikuwa uani anafunga mbegu kwenye kamba, hakuinua kichwa.

“Shangazi, mstari wa pili na wa tatu ni virai. Havina kitenzi.”

“Ndiyo nini?”

“Kama kamba yenye mwani, haina kigingi.”

“Hiyo si kamba, mwanangu. Hizo taka zinazokwenda Bwejuu.”

“Na wa kwanza ni kishazi tegemezi. Kitenzi kipo, lakini hakisimami peke yake.”

“Kigingi kimoja,” akasema. “Inazunguka inangoja cha pili. Sasa wewe uliyajua yote haya, rangi yangu ukamalizia nini?”

Sikuwa na jibu, huru wala tegemezi.

Nikapaka upya: COME WITH MY AUNT WHEN THE TIDE IS LOW. Kishazi huru mbele, tegemezi nyuma, vigingi viwili, nukta moja. Nikakaa chini ya mvinje kama mtu aliyemaliza chuo. Wageni wakasoma, wakaelewa, wakauliza swali la haki kabisa: maji yanapwa saa ngapi? Shangazi akaniambia niandike saa, ilikuwa bamvua, maji yanatoka saa nne. Nikaandika 4.00.

Wakaja wawili, alaasiri, saa kumi kamili kwa saa yetu, viatu mkononi. Kila aliyekulia hapa anajua bahari ya Paje ilivyo saa kumi ya bamvua. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mvinje, shangazi yuko nyumbani anakaanga samaki, konde lake liko chini kabisa na mtu mzima angelifikia kwa kupiga mbizi. Mmoja wao akasoma tena bango kwa sauti, neno kwa neno. Sarufi haikuwa na kosa.

Siku hizi bango lina namba tu, kwa chaki. Halina kirai, halina kishazi. Kila asubuhi nazisogeza mbele kama dakika hamsini, na siku za maji mafu nalifuta lote.