Chuo cha Mbega

Katika msitu wa Magamba, juu kidogo ya Lushoto, mbega walianzisha Chuo cha Ualimu kwenye matawi ya mkuyu mkubwa. Madarasa yalikuwa juu, ubao ulitundikwa juu, na chaki zilichongwa nene zishikike kwa vidole vinne, maana mbega hana kidole gumba. Wakufunzi walikuwa mbega, wanachuo mbega, na waliohitimu walipangiwa kufundisha watoto wa msitu mzima.

Haukupita muda, malalamiko yakaanza. Mtoto wa Popo aliandikwa mvivu kwa kuwa alisinzia saa nne asubuhi. Mtoto wa Fuko aliitwa mzito wa kuelewa, kumbe haoni kilichoandikwa ubaoni. Mtoto wa Kinyonga alipewa sifuri kwa kuchelewa kunyoosha mkono, na jibu alikuwa nalo. Wazazi wakakusanyika chini ya mkuyu.

Mkuu wa Chuo akawajibu akiwa huko huko juu: "Tumewasikia. Tumeongeza somo la Wanyama wa Namna Mbalimbali, muhula wa mwisho."

Somo likafundishwa na mbega ambaye hajawahi kuingia shimoni wala pangoni. Wanachuo wakakariri, wakafaulu, wakaenda kufundisha vilevile.

Mwaka uliofuata, binti wa Fuko akaomba kusomea ualimu. Akajibiwa kwa barua nzuri: amechaguliwa, mlango uko wazi, apande. Muhula ukaanza, binti yuko shinani. Mwishowe Mkuu akateremka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mbona hupandi? Nafasi tumekupa."

"Nafasi mmenipa, Mzee, njia hamkunipa."

"Chuo kina utaratibu wake. Tukiubadilisha kwa kila anayekuja, viwango vitashuka."

"Nipe mkono wako, Mzee." Binti akavipapasa vidole vyake. "Huna kidole gumba, na hakuna siku uliyoshindwa kushika chaki. Aliyeichonga aliujua mkono wako. Nawe ulitengenezewa utaratibu, ila ulitengenezewa kabla hujauomba. Ndiyo maana unauona ni wa kila mtu."

Mkuu aliitazama mikono yake kama ndiyo kwanza anaiona. Jioni hiyo akaita baraza, na safari hii wazazi wakapewa viti pamoja na wakufunzi.

Madarasa yakashushwa hadi kwenye mizizi. Vipindi vingine vikahamishiwa magharibi, Popo wapate kuhudhuria. Maandishi yakachorwa kwenye udongo mbichi ili anayesoma kwa kupapasa asome. Kila mwanachuo akapelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha shimoni na pangoni, akisimamiwa na wenyeji wa huko. Mtihani ulibaki mgumu kama ulivyokuwa.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba hata miongoni mwa mbega alikuwamo mwanachuo asiyeona vizuri, aliyekuwa akinakili kwa jirani kwa kuogopa kuchekwa. Udongo ule ule uliowekwa kwa ajili ya Fuko ukamfanya asome mwenyewe. Na binti wa Fuko, alipohitimu, akaajiriwa hapo hapo kuwa mkufunzi.

Nimeiweka hekaya hii Lushoto kwa makusudi. Ndiko kilikoanzishwa, mwaka 2007, chuo kikuu kishiriki kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikatanguliza elimu maalumu. Na mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006. Ibara yake ya 24 inazitaka nchi ziajiri walimu wanaomudu lugha ya alama au nukta nundu, wakiwemo walimu wenye ulemavu.

Walimu hao hawaoti shuleni, wanaandaliwa vyuoni. Kwa hiyo mwanachuo asiyeona akute kitabu cha nukta nundu siku ya kwanza ya masomo. Kiziwi apate mkalimani bila kumbembeleza mtu. Mkufunzi mwenye ulemavu asimame mbele ya darasa na kusahihisha kazi za wote. Mwalimu aliyesomea katika chuo cha namna hiyo hatangoja semina ya kumweleza kwamba mtoto kiziwi anafundishika. Alikwisha kuketi na kiziwi dawati moja, na kwenye mtihani kiziwi akampita.