Kwa Afisa wa Vibali: Naomba Leseni ya Mlevi

Mheshimiwa Afisa wa Vibali,

KUH: MICHEZO YETU YA MSIMU UJAO

Pokea salamu kutoka chumba cha nyuma cha baa, ambako jukwaa ni kreti za bia zilizofunikwa mbao na pazia ni shuka la mke wa mwenye baa. Agizo lako tumelipata, lile lile la kila msimu: miswada iletwe mapema, kila ukurasa upigwe muhuri, na mwigizaji asitamke neno usilolisoma. Tunashukuru mno. Waandishi wengi hufa bila kupata msomaji makini kama wewe, anayesoma na kalamu nyekundu mkononi, hata pale tulipoandika tu “anaingia, anaketi”.

Safari hii tuna mchezo wa mjane anayezuiliwa maiti ya mumewe mpaka alipe bili ya hospitali. Tuna kichekesho cha mahari, ambacho hakitakusumbua. Halafu upo wa chifu aliyeuza kiwanja cha shule. Najua utauliza chifu huyo ni nani. Si yeyote, Mheshimiwa. Wakijitambua wengi, si kosa la mwandishi. Ukipenda, tutamvika koti la manyoya tuseme anatoka Urusi.

Lakini kuna jambo limetushinda. Kwenye meza ya karibu na choo huketi mlevi mmoja ambaye hakosi onyesho. Hana mswada. Mjane akilia kwamba hana pesa, yeye hupaza sauti akauliza yale makato ya matibabu ya kila mwezi huenda wapi. Ukumbi mzima humgeukia, na mjane, ambaye naye hukatwa, hujikuta akimjibu. Jibu hilo, Mheshimiwa, halina muhuri.

Kwa hiyo tunaomba mlevi huyu apewe leseni. Tunapendekeza iwe ya madaraja. Kwa chupa mbili za kwanza, aruhusiwe kuguna na kukohoa bila kibali. Akifika ya tatu, aulize maswali ya jumla yasiyotaja cheo cha mtu. Kuanzia ya nne huanza kutaja majina, basi hapo aketishwe kando yake afisa mwenye muhuri na kidau cha wino. Mlevi akitaka kusema, ainue mkono, aandike maneno yake kwa nakala tatu, nazo zipelekwe makao makuu. Waigizaji wasubiri pale pale walipo, mjane akiwa ameachama, mpaka jibu lirudi. Tunajua huchukua muda. Mwenye baa hana neno, kwani watu wakisubiri hunywa. Mlevi akiugua, tunaye wa akiba, mwenye cheti cha tabia njema kilichotolewa na polisi, ingawa tunakiri kwamba hachekeshi. Tungeomba pia orodha ya vicheko vilivyoidhinishwa, tuibandike mlangoni, ili mteja asije akacheka mahali ambapo serikali haikucheka.

Kinachonitatiza ni kimoja. Kwa miaka kadhaa, watahiniwa wa kidato cha nne walisomeshwa Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea. Walimchambua Majoka wa Sagamoyo, mtawala anayefunga soko la watu, na wakakaa na walevi wa Mangweni wakisikiliza mazungumzo yao. Mtoto aliyezitaja sifa za dikteta bila kuruka hata moja alipewa alama zote. Mtu mzima akizitaja akiwa na glasi mkononi, anahitaji kibali.

Nayo sheria ya vibali unayotunukulia ni ya 1962, wakati bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea. Mwingereza aliondoka, kalamu nyekundu ikabaki. Novemba 1977 leseni ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda ilifutwa kule Kamirithu, Limuru, na mwaka haukuisha kabla mmoja wa waandishi wake, Ngugi wa Thiong'o, hajakamatwa akawekwa kizuizini bila kesi. Mwaka 1982 ukumbi wa Kamirithu ambao wanakijiji waliujenga kwa mikono yao ukabomolewa. Aprili 2025, mahakama ikiwa imesharuhusu mchezo wao, wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru kuigiza Echoes of War, wakakuta polisi na vitoa machozi. Watoto wa shule! Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Hivi mnaogopa nini? Mna bunduki, mna magereza, mna saa nzima ya habari kila usiku, na bado hamlali kwa sababu ya msichana aliyekariri mistari?

Samahani, Mheshimiwa. Hamaki hiyo haikuwa kwenye mswada. Ipige muhuri au uifute, upendavyo.

Nirudi kwenye maombi madogo madogo. Majibu yako yatufikie kabla hatujauza tiketi, si saa moja kabla ya onyesho, watu wakiwa wameshaketi na nyama choma iko mezani. Ukifuta neno, tuandikie lipi liwekwe mahali pake, kwa maana mara ya mwisho tulibakiwa na mhubiri aliyepanda jukwaani akasema “Amina” tu. Na maneno uliyoyafuta, kama huyatumii, turudishie.

Mchezo wa mjane ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa mbili usiku. Tiketi yako ni ya bure, bia utajinunulia. Nafasi zimebaki chache sana, kwa hiyo tumekuwekea kiti karibu na choo. Jirani yako ni mtu wa maneno mengi, na ameshaambiwa kazi yako ni gani.

Wako mtiifu, kwa kadiri nilivyoruhusiwa,

Mwandishi, chumba cha nyuma