Nne kwa Ishirini

Jamani, msicheke. Nimepata nne kwa ishirini. Tena kanisahihisha mwanangu wa kumzaa, kalamu nyekundu, mezani kwangu, na luku nanunua mimi!

Binti yuko kidato cha nne, mtihani wa taifa ni Novemba. Juzi kaja na rundo la pasti pepa, maswali ya mazingira matupu. "Baba, niulize." Ningeuliza tu ningepona. Mimi nikajitia kuwahi kujibu, aone baba naye kasoma. Akachomoa karatasi: basi baba, fanya wewe.

Tabaka la ozoni linatukinga na nini? Nikaandika mvua. Mtoto akatazama chini. Ndiyo heshima aliyonibakizia, kutazama chini. Kumbe ni mionzi ya jua, ile ya urujuanimno. Sasa neno hilo mtu analitamkaje na pengo hili?

Likaja la mnyororo wa chakula. Nyasi, panzi, chura, nyoka, mwewe. Eti kila hatua inavuka kama asilimia 10 tu ya nishati, nyingine yote inaishia kwenye kupumua, kurukaruka, joto. Nyasi zikiwa na 10,000, mwewe kule juu anaambulia 1. Hili nililielewa bila mwalimu. Si ndio mshahara wangu! Unatoka kazini umenona, unapita kwa mwenye nyumba, kwa konda, kwa shangazi yake mke wangu, ukinifikia ni hela ya karanga. Nikamwambia binti, mwewe ndiye mimi huyu.

"Hapana baba. Wewe ni nyasi. Wote tunaanza kula kwako."

Nikanyamaza.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku lini nchini? Hapo nikachangamka. Juni 1, 2019! Vema kubwa, nyekundu. Sijamaliza kutabasamu, sauti ikatoka jikoni: "Muulize na zile rambo alizoficha chini ya godoro." Mke wangu huyo. Nilizitunza za akiba tu, ndugu zangu, zile ngumu hazitengenezwi tena.

Swali la mwisho, taja madhara ya kuchoma taka ovyo. Nilikuwa naandika huku nakohoa. Moshi unaingia dirishani. Jalala la uani nilikuwa nimeliwasha mwenyewe saa kumi na moja.

Chini ya karatasi kaandika "Jitahidi". Marudio Jumamosi.

Mangi, nipe kalamu moja. Ya bluu. Nyekundu anayo mwenyewe.